Dhahabu Haijakimbia: Madini, Yanavyozaliwa na Makundi Yake

Hotuba kwa wachimbaji wadogo, walimu wa sayansi na wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wachimbaji wa Chunya na Songwe, walimu, wanafunzi, na akina mama mnaoponda mawe Makongolosi na Saza, habari za asubuhi. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Kuna swali linaloulizwa kwenye maduara mengi, yaani mashimo ya kuchimbia, huku kwetu, na tungependa mazungumzo yetu ya leo yalijibu. Mnachimba mita za juu, jiwe ni la kahawia au jekundu, linapondeka bila taabu, na dhahabu inaonekana kwenye karai. Mnashuka mpaka kwenye maji. Mkanda, yaani mshipa wa jiwe lenye dhahabu, ni uleule na upana wake haujabadilika, ila jiwe sasa ni la kijivu, limejaa vimeto vya njano, na mzigo uleule ukiingia karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, unatoa kidogo sana kuliko mlivyozoea. Watu wanasema dhahabu imekimbia, na duara linaachwa.

Dhahabu haijakimbia. Mara nyingi imo humohumo, imefungiwa ndani ya madini mengine. Anayeyajua madini hayo, yametokeaje na ni ya kundi gani, anajua pia afanye nini. Ndiyo maana tunaomba uvumilivu wenu tukianza mwanzo kabisa.

Kwa sayansi, kitu kinaitwa madini kikiwa kimetokea chenyewe kwa asili, ni kigumu si kimiminika wala gesi, hakikutokana na mwili wa mmea au mnyama, kina kemia inayoweza kuandikwa kwa fomula, na atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia pande zote. Mpangilio huo ndio fuwele. Chukueni vitu vya huku kwetu mvipime kwa masharti hayo. Chumvi ya Ivuna, kule Momba karibu na Ziwa Rukwa, inafaulu yote. Pumisi ya Rungwe, lile jiwe jepesi lenye matundu, inashindwa, kwa sababu lava yake iliganda haraka mno na atomu hazikupata muda wa kujipanga. Hiyo ni kioo cha volkano. Makaa ya mawe ya Kiwira nayo yanashindwa kwa kuwa asili yake ni mimea, ingawa Sheria ya Madini inayahesabu kuwa madini ya nishati, na kwa kazi ya leseni hilo halina ubaya. Na ile barafu nyeupe inayofunika nyasi za Kitulo alfajiri za Juni na Julai? Inafaulu. Barafu ya asili ni madini kamili, ina fomula na ina fuwele, mpaka jua litakapoiyeyusha.

Mwamba ni jambo jingine. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, kama granaiti ilivyo mkusanyiko wa kwatzi, feldispa na ulanga (maika). Kwa hiyo mtu akileta kipande cha mwamba akauliza "hili ni madini gani," jibu sahihi mara nyingi ni madini matatu, manne au matano kwa pamoja, na kila moja lina tabia yake.

Sharti la mpangilio wa atomu ndilo linalopuuzwa sana mashuleni, na ndilo lenye maana kubwa kwa mchimbaji. Almasi ya Mwadui na kinywe (grafaiti) cha Mahenge ni elementi moja, kaboni. Katika almasi kila atomu imeshikwa kwa nguvu na wenzake wanne pande zote, na ndiyo inayoshika namba 10 katika kipimo cha ugumu. Katika kinywe atomu zimelala tabaka juu ya tabaka, na tabaka zimeshikana kwa udhaifu, hivyo kinateleza vidoleni na ugumu wake ni kati ya 1 na 2. Kemia ni ileile, mpangilio ni tofauti, na bei pia. Jina la elementi peke yake halimtoshi mchimbaji.

Sasa yanazaliwaje? Oksijeni ni karibu asilimia 46 ya uzito wa gamba la dunia, silikoni asilimia 28, aluminiamu 8, chuma 5. Dhahabu kwa wastani haifiki hata gramu 0.005 kwa tani moja ya mwamba wa kawaida. Ili mchimbaji apate mkanda wa gramu 5 kwa tani, lazima kitu fulani kiwe kimeikusanya dhahabu hiyo zaidi ya mara elfu moja. Hapo ndipo penye kazi ya jiolojia: kujua nani alikusanya, na alipita wapi.

Njia ya kwanza ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopoa chini ya ardhi. Madini hayagandi yote kwa pamoja. Olivini na pairoksini huganda mapema, joto likiwa bado linakaribia nyuzi 1,200. Kwatzi na ulanga mweupe huja mwishoni, kwenye nyuzi 700 hivi. Yanayoganda mapema na kuwa mazito yanaweza kujikusanya mahali pamoja, na huko ndiko ulikotoka mlima wa chuma wa Liganga, Ludewa. Chuma cha Liganga ni magnetaiti iliyochanganyika na titani na vanadi. Vanadi ni faida, maana huimarisha chuma cha pua. Titani ni mtihani: katika tanuru la kawaida la kuyeyushia chuma huufanya uchafu unaoelea juu uwe mzito kama uji ulioganda, ukashindwa kutoka vizuri. Anayeuliza kwa nini chuma chote kile hakijawa nondo, hiyo ni sehemu ya jibu, na imo ndani ya fuwele yenyewe.

Magma nyingine ni ya ajabu zaidi, maana badala ya silika, yaani silikoni na oksijeni, imejaa kaboneti, zenye kaboni na oksijeni. Mwamba wake unaitwa kabonataiti. Tunao hapa jirani, Panda, magharibi mwa jiji hili, na tunao Ngualla, mkoani Songwe. Ukiutazama mwamba wa Panda kwa haraka unaweza kuudhani chokaa ya kawaida, hata ukiuwekea asidi unatoa povu. Lakini ndani yake kuna punje za pairokloa, madini yanayobeba niobi, elementi inayotiwa kidogo sana kwenye chuma cha mabomba na madaraja ili kiwe imara bila kuongezwa uzito. Ngualla inajulikana kwa elementi adimu za ardhini, zile za sumaku kali za mota na mitambo ya upepo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachong'aa. Anayetafuta mng'ao angeupita mlima wote.

Njia ya pili ndiyo inayowahusu wachimbaji wengi waliomo humu: maji ya moto. Ndani kabisa ya ardhi kuna maji yenye joto la nyuzi 200 mpaka 400, yaliyobanwa na uzito wa miamba ya juu. Maji hayo huyeyusha silika, na hubeba dhahabu kidogo kidogo ikiwa imeshikana na salfa. Mwamba ukipasuka, mgandamizo unashuka ghafla, maji yanapanda kwenye ufa, silika inaganda kuwa kwatzi nyeupe na dhahabu inaachwa humo. Mikanda ya Lupa, Chunya, ilizaliwa hivyo, ndani ya nyufa za miamba migumu ya jamii ya granaiti, takriban miaka bilioni 1.9 iliyopita. Ndiyo maana mkanda wenu unafuata ufa, unapanuka, unabanwa, unakatika, kisha unaonekana tena mbele.

Shikeni hapa jambo moja. Salfa ile iliyobeba dhahabu hupenda sana chuma. Maji yakigusa mwamba wenye chuma, salfa inaiacha dhahabu na kuungana na chuma, na kinachotokea ni pairaiti. Dhahabu iliyoachwa inaganda palepale, pembeni ya pairaiti au ndani yake. Kwa hiyo pairaiti, inayowadanganya wengi kwa rangi yake ya njano, si dhahabu, ila kwenye mikanda ya Lupa ni jirani wa dhahabu. Anayeicheka na kuitupa yote amekosea, sawa na aliyeinunua kwa bei ya dhahabu.

Njia nyingine tunaziona kwa macho juu ya ardhi. Chemchemi za moto za Songwe zinaleta maji yenye kalsiamu na hewa ya ukaa. Yakitoka juu hewa inaondoka, na kalsaiti inaganda tabaka kwa tabaka. Jiwe hilo ndilo linalochimbwa kwa saruji na kukatwa na kuuzwa kama marumaru. Maji yanayokaushwa na jua nayo huacha madini kwa zamu. Kwa maji ya bahari, ukianza na lita 100, kalsaiti hutangulia, jasi huanza zikibaki lita 20 hivi, na chumvi ya kula zikibaki kama 10. Mwenye shamba la chumvi anayesubiri maji yakauke yote huvuna chumvi chungu inayovuta unyevu, kwa sababu magnesiamu na potasiamu huganda mwishoni. Maji ya mwisho humwagwa. Joto na mgandamizo wa kina kirefu, bila kuyeyusha kitu, hubadilisha chokaa kuwa marumaru na udongo kuwa garneti, na miamba geu ya aina hiyo ndiyo iliyolea tanzanaiti ya Mererani. Mvua za huku juu hula feldispa mpaka ikawa udongo mweupe wa kaolini, kama ule wa Malangali, Mufindi. Na mito huchukua kilichong'oka milimani, ikayapeleka mbali mepesi na kuacha mazito kwenye kona na nyuma ya mawe makubwa. Wachimbaji wa zamani wa mto Lupa waliishi kwa hilo.

Wanafunzi huwa wanauliza kuhusu Kimondo cha Mbozi. Karibu asilimia 90 yake ni chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli, na nacho kimejengwa kwa fuwele. Madini hayazaliwi duniani tu. Kimondo kingine, kidogo cha chini ya kilo moja, kilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938, na wanasayansi wanakithamini mno kwa sababu kemia yake inakaribia ya jua lenyewe, ukiondoa gesi.

Tuje kwenye makundi. Yamepita madini 5,000 yanayotambuliwa duniani, na hakuna anayeyakariri. Yanapangwa kwa kutazama elementi au kundi la elementi lililoungana na metali, kama oksijeni, salfa, klorini na wenzao, maana hilo ndilo linaloamua tabia: yatayeyuka kwenye nini, yataoza vipi, yatachenjuliwaje.

Silikati ndilo kundi kubwa kupita yote, zaidi ya asilimia 90 ya gamba la dunia. Kila silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na tofauti inatoka kwenye namna vipande hivyo vinavyounganishwa. Vikisimama peke yake tunapata olivini, garneti na zirkoni, mawe magumu yenye umbo la punje. Vikiungana mnyororo tunapata pairoksini na amfiboli. Vikitandazwa kama karatasi tunapata ulanga, ulanga unaochunika kwa ukucha, pamoja na kaolini na talki. Vikishikana pande zote tunapata feldispa na kwatzi. Kwatzi haina njia dhaifu ya kupasukia, hivyo huvunjika hovyo kwa kingo kali. Feldispa hupasuka kwa nyuso bapa zinazometa. Hiyo ni alama nzuri ya kuzitofautisha kwenye granaiti. Vumbi la kwatzi karashani, lile jepesi lisiloonekana, huingia mapafuni na kukaa humo, na ugonjwa wake, silikosisi, hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Maji kwenye karasha yanalituliza. Kitambaa puani hakitoshi.

Madini ya elementi tupu ni machache: dhahabu, fedha, shaba asilia, salfa, almasi, kinywe. Oksaidi zina hemataiti na magnetaiti, yakuti, na hata pairokloa tuliyoitaja. Jamii ya chumvi ina chumvi ya kula na floraiti. Salfeti zina jasi na baraiti. Fosfeti zina apataiti, mbolea ya Minjingu ni mfano mzuri. Hayo tupite.

Salfaidi na kaboneti tusiyapite haraka, kwa sababu humo ndimo pesa na hatari zinakaa pamoja.

Katika salfaidi, metali imeungana na salfa bila oksijeni. Pairaiti ni chuma asilimia 46.5, iliyobaki ni salfa. Chalkopairaiti ina shaba karibu asilimia 35. Galena ni risasi asilimia 86.6, na ndiyo iliyochimbwa Mpanda zamani. Asenopairaiti ni nyeupe ya fedha, ina aseniki asilimia 46, na ukiigonga kwa nyundo hutoa harufu ya kitunguu saumu. Mkiipata harufu hiyo msilichome jiwe, wala msilikaange ili "lifunguke". Moshi wake ni sumu ya aseniki.

Salfaidi nyingi zina udhaifu mmoja: haziwezi kuvumilia hewa na maji kwa pamoja. Angalieni kipande hiki cha kwatzi kilichotoka juu ya mkanda. Kina vishimo vya mraba, pembe zake zimenyooka, na ndani ya kila kishimo kuna unga wa kahawia. Kila kishimo kilikuwa fuwele ya pairaiti. Mvua ilishuka na oksijeni, pairaiti ikaoza, salfa ikaondoka ikiwa asidi, chuma kikabaki kama kutu. Na dhahabu je? Dhahabu haiozi. Ilibaki kishimoni, huru, ikingoja karai. Hiyo ndiyo sehemu ya juu ya duara lenu, jekundu na laini, na zebaki inaikamata dhahabu yake kwa urahisi.

Chini ya usawa wa maji oksijeni haifiki. Pairaiti iko nzima, jiwe ni la kijivu na gumu. Sehemu ya dhahabu imo ndani ya punje za pairaiti, ikiwa chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Zebaki lazima iguse dhahabu ndipo iikamate. Ikiwa dhahabu imezungukwa na pairaiti, zebaki inapita pembeni, na dhahabu inakwenda kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga yanayotoka baada ya kuchenjua. Mwenye marudio anayafurahia. Jiwe halikubadilika ubora, lilibadilika kufuli.

Mfanye nini basi? Kwanza mpime. Pelekeni maabara sampuli ya jiwe na sampuli ya marudio ya jiwe hilohilo. Kwa mfano jiwe likisoma gramu 10 kwa tani na marudio yakasoma 6, mmekamata asilimia 40 tu na 6 zimetoka na maji. Kisha sageni kundi dogo laini zaidi, mpime tena marudio. Yakishuka sana, dhahabu yenu ilikuwa imebanwa pembeni mwa punje na usagaji unatosha kuitoa. Yasiposhuka, imo ndani kabisa ya pairaiti, na hakuna karasha litakaloitoa; hapo inahitajika mitambo ya kutenganisha salfaidi kwa povu na kuzichenjua kwa namna yake. Kwa mchimbaji mdogo maana yake ni kuuza kwa bei inayotokana na kipimo, badala ya kuyaacha marudio kwa mwenye karasha kana kwamba ni kifusi. Kwa maoni yetu hakuna gharama inayorudisha fedha haraka kama kupima marudio.

Pili, jiwe likiwa na madoa ya kijani au bluu mara nyingi lina madini ya shaba. Malakaiti na mengine ya jamii hiyo huyeyuka kwenye sayanaidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu, na kuimaliza kabla haijafika kwenye dhahabu, hivyo mwenye mtambo lazima aambiwe mapema. Na marudio yaliyopita kwenye zebaki yasiingizwe kwenye sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa, kwa sababu sayanaidi huiyeyusha pia na kuisambaza kwenye maji.

Tatu, marudio yenye salfaidi yaliyorundikwa wazi yanaendelea kuoza. Maji ya rangi ya chungwa yanayochuruzika chini ya rundo ni asidi yenye metali. Lisiwekwe ukingoni mwa kijito mnachochota maji.

Kaboneti tunaziona kama kundi la upole: kalsaiti, dolomaiti, malakaiti. Kwa wachoma chokaa, kilo 100 za kalsaiti safi zikichomwa vizuri, karibu nyuzi 900, hutoa kilo 56 za chokaa, na 44 huondoka kama hewa ya ukaa. Mkipata pungufu ya kilo 56 huenda jiwe lilikuwa na maji. Mkipata zaidi, halijaiva katikati au lilikuwa na uchafu usioungua, kama mchanga. Dolomaiti ikichanganyika humo huleta shida nyingine, maana magnesia iliyoiva kupita kiasi huchelewa kuungana na maji, na plasta hutoboka vidonda miezi baadaye ukutani.

Lakini kaboneti ya risasi si ya upole hata kidogo. Galena ikioza karibu na uso wa ardhi hugeuka kaboneti, nyeupe au ya kijivu, nzito, isiyovutia macho. Galena yenyewe huyeyuka kwa shida tumboni. Kaboneti yake huyeyuka upesi. Mwaka 2010, Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, familia ziliponda na kusaga mawe ya dhahabu nyumbani, kwenye vyombo vya nafaka, na mawe hayo yalikuwa na risasi. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Hakuna aliyekuwa akitafuta risasi. Akina mama, tunawaomba kwa moyo wote: jiwe la dhahabu lisipondwe uani, lisisagwe kwenye kinu cha chakula, na nguo za kazini zisiingie chumbani kwa mtoto.

Jiwe mkononi mtalitambuaje? Msianze na rangi. Rangi ndiyo alama dhaifu kuliko zote, kwatzi peke yake inaweza kuwa nyeupe, zambarau, njano au nyeusi kwa uchafu kidogo tu. Anzeni na ugumu. Kipimo cha Mohs, kilichowekwa mwaka 1812, kinaanza na talki namba 1, jasi 2, kalsaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatzi 7, topazi 8, yakuti 9, almasi 10. Ukucha ni 2.5, kisu cha kawaida na kioo cha dirisha ni kama 5.5. Chalkopairaiti inakwaruzwa na kisu, pairaiti haikwaruzwi. Hakikisheni kisu kimekata alama kweli. Mara nyingi ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya jiwe, na ukifuta kwa kidole alama inapotea.

Halafu rangi ya unga. Geuzeni kigae cha sakafu, upande usiopakwa rangi ya kung'aa, sugueni jiwe. Hemataiti, hata iwe nyeusi inayometa, hutoa unga mwekundu wa kahawia. Magnetaiti hutoa mweusi, na sumaku inaishika. Pairaiti na chalkopairaiti hutoa unga mweusi wa kijani. Dhahabu huacha mstari wa dhahabu. Mkitaka uhakika wa chembe, iwekeni juu ya chuma muigonge taratibu: dhahabu inatandazika, pairaiti inasambaratika, na ulanga uliochakaa, ule unaoonekana kama dhahabu mtoni, unachanika vipande vyepesi vinavyoelea.

Uzito nao hupimika bila maabara. Pimeni jiwe kavu kwenye mizani, tuseme gramu 265. Lining'inizeni kwa uzi ndani ya maji bila kugusa ndoo, mizani ikisoma 165. Tofauti ni 100. Gawanyeni 265 kwa 100, mnapata 2.65, nayo inalingana na kwatzi. Pairaiti husoma karibu 5, galena 7.5, dhahabu safi 19.3. Kinachoharibu kipimo hiki ni mapovu ya hewa yaliyonasa kwenye nyufa na jiwe lenye mchanganyiko. Lilowesheni kwanza, mlipanguse mapovu, na mtumie kipande cha madini mamoja. Kwa kaboneti tumieni siki juu ya unga: kalsaiti hutoa povu taratibu, dolomaiti kidogo sana, kwatzi haitoi kitu.

Mwisho, sampuli ya maabara, maana humo ndimo watu wanapotezea hela. Kuokota kipande kizuri ukakipeleka maabara Dodoma ni kununua habari njema isiyo ya kweli. Kateni mfereji kuvuka mkanda wote kutoka ukuta hadi ukuta, upana sentimita 10 na kina sentimita 5, mkikusanya kila kitu kinachoanguka, kigumu na laini. Ukuta wa pembeni uwe na mfuko wake. Pondeni yote mpaka ifanane na mchanga, changanyeni, mrundike kama kichuguu, mkitandaze, mkigawe mara nne, mchukue robo mbili zinazotazamana. Rudieni mpaka zibaki kilo 2 hivi.

Hata hivyo majibu ya mifereji miwili ya jirani yanaweza kupishana sana, na msimlaumu mtu wa maabara haraka. Chembe moja ya dhahabu yenye upande wa nusu milimita ina uzito wa miligramu 2 hivi. Ikiangukia kwenye sampuli ya kilo moja, inaongeza gramu 2 kwa tani peke yake; ikiangukia nje, imezipunguza. Ndiyo maana mkanda wenye dhahabu ya kuonekana unahitaji mifereji mingi, kila baada ya mita mbili tatu, na unasomwa kwa wastani. Kila mfuko uandikwe namba ya duara, kina, upande na tarehe, karatasi moja ndani kwenye mfuko wa nailoni na nyingine nje, kwa sababu wino wa nje hufutika njiani. Na mwambieni mpimaji kama jiwe limetoka juu ya maji au chini yake, na kama mmeona kijani, harufu ya kitunguu saumu, au punje nzito za kijivu. Kwa hayo atajua kama awapimie shaba, aseniki na risasi pamoja na dhahabu.

Ndaga fijo, asanteni sana. Tupokee maswali, tukianza na wa kutoka Chunya.